Filamu ya Krismasi Nyumbani kwa Mama Sechelela

Krismasi iliyopita nilitoka sebuleni filamu ikiwa katikati, nikaenda kusimama uani karibu na tangi la maji. Mke wangu, Zuhura, akanifuata kuniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekasirika, na kilichonitia aibu ni kwamba nimekasirishwa na filamu ya kuchekesha. Tulikuwa tumekusanyika Miyuji, nyumbani kwa Mama Sechelela, Krismasi ya kwanza tangu tumzike, na vijana walikuwa wameunganisha simu na televisheni wakajichagulia wenyewe. Ilikuwa moja ya zile filamu za sikukuu ambazo kila sura ndani yake ni sura maarufu: nyumba kubwa kwenye theluji, wazazi wazee, watoto wanaingia mmoja mmoja na mabegi yao, kila mmoja na mpenzi anayemficha, halafu wanagombana saa nzima na kukumbatiana dakika tano. "Baba, ni filamu tu," aliniambia binti yangu nilipoanza kulalamika. Najua ni filamu tu. Lakini niliwahi kuketi kwenye sebule hiyo hiyo mbele ya filamu ya aina hiyo hiyo, na ikaniharibia mwaka ambao hadi leo nauita mwaka wangu, na tangu hapo sijawahi kuona theluji kwenye televisheni nikatulia.

Habari za nani alinizaa na nilisoma wapi hazina kazi hapa. Itoshe kusema kwamba jina langu ni Idrisa, mimi ni Mrangi wa Kondoa, na mwaka ule nilikuwa kijana wa chuo niliyepanga chumba cha uani kwa Mzee Petro na mkewe. Dodoma ya wakati ule ilikuwa na nafasi. Chimwaga kulikuwa na vichaka na ukumbi mmoja mkubwa, Msalato hukwenda bila sababu maalumu, na nyumba za Miyuji zilikuwa mbalimbali kiasi kwamba ukipika nyama jirani hajui. Chumba changu kilikuwa na kitanda chembamba, dirisha la wavu, na mlango uliotazamana na mlango wa jiko. Sikumaliza mwezi nikijipikia. Siku moja Mama Sechelela alinikuta nasonga ugali kwenye sufuria ya kuchemshia chai, akaninyang'anya mwiko. "Mwanangu, huu si ugali, huu ni uji uliokasirika," akasema. Kuanzia hapo nilikula kwake: ugali wa uwele, mlenda, maziwa ya mgando, na Jumapili kuku. Kuku nilichinja mimi. Wao walikuwa Waanglikana wasiokosa ibada, lakini tangu nihamie pale hakuna kuku wala mbuzi wa nyumba ile aliyechinjwa na mkono mwingine, ili na mimi nile. Hakuna aliyetangaza utaratibu huo. Ulianza tu, kama mambo mengi ya nyumba ile yalivyoanza.

Sechelela alikuwa mtoto wao pekee aliyekuwa hai. Kaka zake watatu walifariki wangali wachanga, kabla yeye hajazaliwa, na hawakutajwa ila siku Mama alipokuwa na homa. Alikuwa akisomea ualimu. Msichana mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kujitahidi. Mwanzoni kila mmoja hakuwa na habari na mwenzake. Tuligombania bafu asubuhi, na aliniita Mpangaji, kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Nalisema hili kwa sababu baadaye kuna waliodai kwamba nilihamia pale kwa ajili yake. Nilihamia pale kwa sababu maji yalikuwa yanatoka.

Mzee Petro alifariki wakati wa mavuno ya uwele. Aliondoka asubuhi mzima wa afya kwenda kwenye shamba lake la zabibu Makutupora, mchana akarudishwa amelazwa nyuma ya gari la jirani. Tulimzika huko huko shambani. Nakumbuka vumbi, nyimbo za kanisani zilizoimbwa kwa Kigogo, na mdogo wa marehemu, Mzee Lungwa, mtu mfupi anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, akizunguka kaburi akitafuta kitu. Kumbe alikuwa ananitafuta mimi. "Mrangi! Hebu njoo huku mbele. Tupa udongo," akasema. Nikamjibu, "Baba, labda watangulie ndugu." Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Ndugu wapi? Tupa." Nikatupa. Siku ya kuanua matanga, watoto wa marehemu huketishwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba ili wanyolewe, na Mama, macho yakiwa yamevimba, akanionyesha kwa kidole nafasi kando ya Sechelela. Kila mtu alikuwa na wembe wake mpya, maana tulikuwa tumekwisha kuonywa vya kutosha kuhusu UKIMWI siku zile, lakini beseni la maji lilikuwa moja. Nilijiona nimeheshimiwa sana. Mpangaji, tena Mwislamu, tena si Mgogo, nimeketi pale! Chuoni niliwasimulia wenzangu kwa majivuno. Hata leo linanichoma: watu wale wanaokueleza kila kitu, wanaokueleza hadi namna ya kumega ugali mbele ya wakwe, hilo la mkeka hawakunieleza, kwa sababu kwao lilikuwa linajieleza.

Basi tukarudi Miyuji, Sechelela na mimi, na vipara vyetu. Yeye alikuwa amenyolewa misuko aliyoisuka wiki iliyotangulia, na alijifunga kitenge kichwani hata akiwa peke yake. Jioni alikuja kuketi kwenye ngazi ya mlango wangu, kwa kuwa ndani kulijaa wamama wa kanisani, na hakutaka kuambiwa tena kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tulianza kwa kukaa kimya. Kisha tukaanza kuchekana vichwa. Aliniambia changu kina kona. Nikamwambia chake kimemfanya afanane na askofu. Nywele zilipoanza kuota tulikuwa tunasubiriana kula, na zilipofika kiasi cha kushikwa na kitana tulikuwa tumekwisha kuambiana kila kitu. Sijawahi kupenda vile tena, na nikisema hivyo simkosei Zuhura, kwa sababu analijua na amekwisha kunicheka vya kutosha. Tulipendana kwa sababu tulilia pamoja kwenye mkeka mmoja, na mkeka huo huo ndio uliotukataza. Ningekuwa mtunga filamu ningeona ni jambo la kuchekesha.

Sisi tulidhani adui ni dini. Tulijiandaa kwa dini kama watu wanaojiandaa kwa mtihani. Mimi nilikwenda kwa sheikh, akanipa mawaidha marefu lakini hakunikataza. Yeye alikwenda kwa mchungaji, akaambiwa ataombewa. Tukakubaliana kwamba ikishindikana huku na huku tutafunga ndoa ya bomani, kila mtu abaki na kitabu chake, na watoto watajichagulia. Tulikuwa na majibu ya kila swali. Kilichobaki ni namna ya kumwingia Mama, ambaye miezi ile alikuwa akiongea kidogo na kuchambua mchele sana. Ni Sechelela aliyekuja na wazo la filamu. Alikuwa ameiona kwa rafiki yake, ikamliza. Ndani yake, alinieleza, kuna kijana yatima aliyelelewa kwenye nyumba ile kubwa, na anampenda binti mdogo wa nyumba, na siku ya Krismasi wanasema mbele ya wote, na mama mtu anafurahi hadi kupiga makofi. "Mama akishalia machozi ya furaha, sisi tunaingilia hapo hapo," akasema. "Na Baba Mdogo Lungwa atakuwepo. Tutawapata wote wawili kwa mpigo." Nilimwona ana akili kuliko walimu wangu wote.

Siku ya Krismasi nilichinja mbuzi asubuhi. Mama alipika pilau, na Mzee Lungwa akaja kutoka Makutupora na chupa ya mvinyo wa kienyeji aliyoifunga kwenye gazeti, akaingia akisalimu "Mbukwenyi!" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mimi nilipewa soda. Tulikula hadi tukalegea, kisha Sechelela akaondoa kitambaa cha kudarizi juu ya televisheni, akaweka CD kwenye deki. Ilikuwa alasiri, joto la Desemba limejaa sebuleni, inzi wako kwenye sinia, na picha ya Mzee Petro iko ukutani na maua yake ya plastiki. Theluji ilipotokea, Mzee Lungwa akauliza kama hao watu wanaishi ndani ya friji. Kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu, kwa sababu Sechelela alisema akitafsiri yeye mama yake atahisi kuna jambo. Nilitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno. Nilikuwa bado naamini kwamba ukieleza jambo vizuri watu watakubaliana nalo.

Mzee Lungwa alikuwa mtu wa filamu za vita, na masteringi wote wa ile filamu aliwafahamu kutoka kwenye kazi zao nyingine. Hilo lilimsumbua sana. "Huyu si ndiye aliyeua kambi nzima peke yake?" akauliza, akimwonyesha mwanamume aliyevaa aproni akipaka siagi bata mzinga. Nikamwambia ndiye, ila humu ni kaka mkubwa, na amefukuzwa kazi na hajamwambia mkewe. "Mwongo huyo. Subirini tu. Ana bunduki chini ya huyo bata." Akamwita Komandoo hadi mwisho. Kila aliyeingia mlangoni kwenye theluji, mzee alimtambua: huyu alikufa kwa nyoka, huyu mama alikuwa jambazi wa benki, huyu babu alikuwa rais. "Sasa steringi ni yupi?" akauliza. "Wote, baba," nikamjibu. Akakataa. "Haiwezekani. Steringi ni mmoja. Wakiwa wengi hivi, nani atabaki mwishoni?" Sechelela alicheka hadi akajifunika uso, na akiwa amejifunika akanigusa mguu kwa mguu wake. Ninaikumbuka dakika hiyo kuliko siku ya harusi yangu.

Mama hakujali masteringi. Yeye alitaka ukoo. "Huyu mtoto wa nani? Na huyu? Huyu aliyekuja na mtoto wa nje, mama yake ni yupi?" Alinisimamisha mara kwa mara hadi nikaanza kuchoka, lakini haikuchukua muda akaijua familia ile kunizidi. Alijua nani ni mkwe wa nani na nani ananyimwa heshima. Alijua pia kwamba baba mwenye nyumba ni marehemu, kwa maana filamu ilianza na picha za mazishi yake, na kwamba kijana yule wa kulelewa ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza. "Huyu ana adabu," alisema. Ilipofika karamu, kiti cha marehemu kikawa kitupu, na yule mama mzungu akamwambia kijana akae pale na akate bata. Nikatafsiri. Mama Sechelela akatikisa kichwa polepole, macho yakamlenga machozi, akasema, "Vizuri. Wamefanya vizuri sana." Sechelela akaniangalia. Mambo yalikuwa yanakwenda kama alivyopanga.

Kisha kijana akainuka kutoka kwenye kiti kile, akamshika binti mdogo mkono, akasema. Nikatafsiri, na maneno yale yalikuwa karibu yawe yangu: kwamba anampenda, kwamba hajui ni lini ilianza, kwamba anaomba baraka ya nyumba iliyomlea. Mama akainua mkono. "Simamisha." Sechelela akasimamisha. Sura za wale watu maarufu zikabaki zimeganda, vinywa wazi. "Idrisa, huyu kijana si ndiye aliyemzika yule mzee?" "Ndiye, mama." "Na si ndiye amekalishwa kwenye kiti cha mzee sasa hivi?" "Ndiye." "Sasa anamwoaje dada yake?" Nikaeleza kwamba hawakuzaliwa pamoja, kwamba alichukuliwa tu. "Nimesikia alichukuliwa," akasema. "Nauliza aliyemzika baba anamwoaje binti wa baba." Mzee Lungwa akajibu kwa niaba yangu, "Wazungu hao, shemeji." Na hapo Sechelela akashindwa kuvumilia. "Mama, hakuna damu kati yao! Hakuna kosa lolote!" Alilisema kwa uchungu ambao hakuna mtu anayewapa watu wa kwenye televisheni. Mama akamgeukia, akamtazama. Kisha akanitazama mimi. Mwaka mzima umeme Miyuji ulikuwa ukikatika kila mtu akiuhitaji, lakini siku ile, nilipouomba ukatike, haukukatika.

Mama hakupiga kelele, na angalau kelele ningezijibu. Alinyanyuka, akakusanya sahani, akaenda jikoni. Mzee Lungwa akabaki akiitazama chupa yake. Filamu ilibaki pale pale, na sikuwahi kuimaliza. Sijui kama Komandoo alipata kazi. Ninachokijua ni kwamba ndani yake yule mama mzungu alipiga makofi, kwa sababu Sechelela aliniambia mapema, na hilo ndilo linalonikera hadi leo kila nikiona filamu za namna ile. Wanakuletea familia nzima, na maiti yao, na kiti kitupu, halafu mambo yote mazito wanayamaliza kabla kitoweo hakijapoa. Hakuna anayeitwa kutoka shambani kuulizwa. Hakuna mzee anayesema ngoja kwanza. Mama anapiga makofi, na wote tunatakiwa tujisikie vizuri. Ningependa siku moja mmoja wao aniandikie upya ile sehemu na amwache yule mama akae kimya.

Wiki iliyofuata nilimfuata Mzee Lungwa Makutupora. Nilimkuta kati ya mistari ya mizabibu akifunga matawi kwenye waya, na hakuacha kufunga nilipokuwa nikimweleza. Nilipomaliza akanipa uzi nimshikie. "Kijana, ulinyolewa," akasema. Nikamwambia nilinyolewa kwa heshima, sikuambiwa maana yake. "Ungeambiwa ungekataa?" Mbele ya mjane, mbele ya kanisa zima, ningekataa vipi? Lakini mzee hakuwa mtu mbaya. Alifunga matawi mengine mawili matatu, kisha akasema kwamba zipo njia. Kuna kondoo. Anachinjwa pale pale kaburini, maneno yanasemwa, na aliyeingizwa anatolewa. Anakuwa mtu baki, anaondoka kwenye nyumba, na baada ya hapo anaweza kurudi na mshenga kama mgeni mwingine yeyote. Mzee amewahi kuona jambo hilo likifanyika mara moja, utotoni. "Lakini si mimi wala wewe," akasema. "Aliyekuweka mkekani ndiye akutoe." Nilirudi Miyuji nikiwa na furaha ya kijinga. Kondoo! Baada ya sheikh na mchungaji na mipango ya bomani, kumbe kilichokuwa kinahitajika ni kondoo mmoja, na kwetu Kondoa kondoo si shida.

Nilimkuta Mama jikoni, ungo uko mapajani, anachambua mchele. Nikachuchumaa mlangoni. "Mama, kama tatizo ni dini..." Akanikata. "Dini? Dini ningepigana nayo, mwanangu. Ningemfuata mchungaji mwenyewe nikamwambia huyu kijana namjua anavyokula na anavyolala." Nikamwambia nimezungumza na Baba Mdogo, amenieleza habari ya kondoo. Mkono wake ukatulia juu ya mchele. "Namjua kondoo huyo," akasema. "Basi nitoe, mama. Nitoe ili nirudi." Sikuwahi kumwomba mtu kitu vile, na sijawahi tena. Akatoa kijiwe kimoja, akakitupa nje. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua jibu: "Nikikutoa wewe, mume wangu alizikwa na nani?" Akaendelea kuchambua. "Petro alizaa wanaume watatu, wote akawazika yeye. Siku yake ilipofika nilimtafutia mtoto wa kumtupia udongo, nikamwona yupo, anakula kwangu. Nililala siku ile nikasema angalau hilo nimemfanyia. Leo nikachinje kondoo niseme alikuwa mpangaji?"

Angekuwa amenichukia ningejua la kufanya. Kijana anayechukiwa na mama mkwe ana njia nyingi. Nusu ya hadithi za dunia zinamhusu. Mimi nilipendwa. Nilipendwa kiasi cha kupewa nafasi ambayo ilinifunga mikono, na siwezi kusema kwamba yule mama alinidhulumu, na siwezi kusema kwamba sikudhulumiwa. Nimeyafikiria hayo miaka yote hii, na bado yananisumbua. Alipokuja Kondoa kwenye harusi yangu na Zuhura, miaka baadaye, alikaa upande wa wazazi wangu, akacheza hadi viatu vikamtoka. Zuhura alimwita mkwe hadi alipofariki. Watu wanaosikia habari hii huniambia kwamba basi yote yaliisha vizuri. Huwa najibu ndiyo, kwa kuwa kueleza kunachosha.

Mwezi wa pili nilimngoja Sechelela njiani akitoka chuoni kwake. Nilikuwa nimekwenda kuulizia bomani na nilimweleza kila kinachotakiwa. Hakuna mkeka kule, nikamwambia, wala kondoo. Wanauliza majina na umri. Alinisikiliza tukiwa tunatembea. Alikuwa amekonda. "Idrisa, mama naweza kumuudhi," akasema. "Nimemuudhi tangu nizaliwe na tunapatana. Lakini kila nikifikiria bomani namwona baba amelala kule, na hakuna aliyemzika. Siwezi kumfukua baba." Nikamwambia hizo ni imani za watu wa kijijini, yeye mwenyewe aliniambia hivyo. "Ndiyo, nilisema," akajibu. "Nilikuwa sijaulizwa bado." Tulifika kwenye njia panda. Nilikasirika, nikamwambia maneno kuhusu woga. Aliniacha niseme hadi yakaisha, kisha akavuka barabara.

Nikahama. Nikapata chumba Makole, kwa watu wasiojali kama nimekula au sijala, na nilifurahia kutojaliwa kwao kwa siku chache. Mama alinitumia chakula kwa mtu yeyote aliyekuwa anakuja mjini: mlenda, karanga, mara moja zabibu. Nilivila huku nimekasirika. Uwele ulipokuwa umesimama tena mashambani na bado haujavunwa, Mzee Lungwa alikuja Makole mwenyewe na kofia yake ya sufu. Tulisalimiana. Akakaa kitandani, kwa kuwa kiti hakikuwepo. Akaniambia kwamba amejitokeza mwalimu mmoja kutoka Mpwapwa, anaitwa Elisha, mtu mtulivu, na Sechelela hajamkataa. Jumamosi washenga wanakuja. "Kwa hiyo?" nikamuuliza, na nilijua kabisa kwa hiyo nini. "Kwa hiyo kwetu wageni hawapokelewi na mwanamke," akasema, "wala na mimi mdogo wa marehemu, kama marehemu ana mtoto wa kiume." Nikamwambia siendi. Nikamwambia mambo mengine ambayo mtu wa umri wangu hakupaswa kumwambia mtu wa umri wake. Alinisikiliza, akanyanyuka, akavuta mlango. "Sikukulazimisha kutupa udongo," akasema akiwa nje. Alikuwa amenilazimisha, na wote wawili tulijua.

Jumamosi nilikwenda. Sikwenda kwa ajili ya Mzee Lungwa wala kwa ajili ya mila. Nilimfikiria Mama amekaa sebuleni na wageni, na mahali pa mtoto wake hapana mtu, na miguu ikaenda yenyewe. Nilikuta sebule imejaa. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na wamama wenzake, na aliponiona aliinamisha kichwa kidogo, asinipungie wala asitabasamu. Nikaonyeshwa kiti. Mshenga alikuwa mzee mchangamfu mwenye utani mwingi, na utani wote aliuelekeza kwangu, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa: walipita njia, wakaona ua zuri kwenye boma letu, wanaomba kama kaka mwenye boma hatawafukuza. Watu walicheka. Nami nilijibu utani kwa utani. Sijui niliupata wapi, lakini niliambiwa baadaye kwamba nilijibu vizuri. Kisha akatoa sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, ndani yake barua ya posa, akaiinua mbele yangu, na mimi nikatakiwa nifanye kilichobaki. Nikaenda hadi mlango wa chumba cha Sechelela, nikabisha, nikamwita kwa jina. Akatoka amevaa kitenge kipya, akasimama mbele yangu, karibu sana. Nikamuuliza kama kaka anavyomuuliza dada yake, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wamama mkekani, kama wageni hawa anawafahamu na kama tupokee. Hakuwatazama wageni. Alinitazama mimi, muda mrefu kuliko ilivyo desturi, hadi mshenga akakohoa.

"Pokea," akasema.

Nikageuka, nikanyoosha mikono yote miwili, nikapokea.